Liwali wa Kuazima

Hakuna aliyemkosea Moriwaki Tohei siku ile meli nyeusi zilipoingia Uraga. Alijikosea mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe, na ndiyo maana hakupata mtu wa kumlaumu isipokuwa yule aliyefaidika.

Alikuwa ofisa wa zamu katika lindo la bandari. Meli zilikuwa nne, mbili kati yazo zikifuka moshi na kukata maji dhidi ya upepo, na zilipotia nanga mbele ya mji ziligeuza ubavu ili mizinga itazame pwani. Kwa zaidi ya miaka mia mbili nchi ilikuwa imefunga milango yake: mgeni wa baharini alielekezwa Nagasaki, na hata huko hakuruhusiwa kufanya biashara isipokuwa Mholanzi na Mchina. Kazi ya lindo la Uraga ilikuwa kuwakumbusha hilo wale waliojisahaulisha. Tohei akaingia mashuani pamoja na mkalimani Kizu, mtu wa Nagasaki ambaye ukoo wake ulirithishana Kiholanzi kama wengine wanavyorithishana mashamba, wakapigiwa makasia hadi chini ya meli iliyozidi zote kwa ukubwa. Mabaharia waliokuwa juu waliwapungia mikono waondoke, na mmoja wao akapiga kelele kwa Kiholanzi.

"Wanasema hawaongei na watu wadogo," Kizu alisema. "Wanamtaka mkubwa."

"Waambie mkubwa ndiye mimi."

"Mkubwa kiasi gani, bwana? Maana wataniuliza."

Tohei alikuwa ofisa wa daraja la kati, kama baba yake alivyokuwa. Aliitazama ngazi ya kamba iliyokuwa imekunjwa juu ya kichwa chake, akaona kwamba asipopanda yeye atapanda mwingine.

"Waambie mimi ni naibu liwali."

Ngazi ikateremshwa. Alipokelewa na ofisa kijana mwenye ndevu za rangi ya majani makavu, akakalishwa katika kiti kilichomwacha miguu ikining'inia, akaelezwa kwamba mkubwa wa manowari hizi amechukua waraka wa mtawala wa Amerika kwa mtawala wa Japani. Kwamba hataenda Nagasaki wala popote. Na kwamba hazungumzi na manaibu. Kesho aje liwali mwenyewe.

Liwali mwenyewe alikuwa mzee mwenye heshima zake, na sheria haikumruhusu kuikanyaga sitaha ya mgeni ambaye hakualikwa. Usiku huohuo ilikubaliwa barazani kwamba atatafutwa mtu wa kuwa liwali kwa muda, mradi wageni wasijue. Tohei akaunyoosha mgongo. Yeye ndiye aliyeijua ngazi. Yeye ndiye aliyekwisha kuyasikia maneno yao.

"Wewe wamekwisha kukuona," mzee alimwambia. "Wewe ni naibu. Huwezi kulala naibu ukaamka liwali, watatucheka."

Akachaguliwa Nezu Kanroku. Alikuwa wa daraja lilelile, mdogo wa Tohei kwa umri, na shemeji yake, kwa kuwa alikuwa amemwoa Chise, dada yake Tohei. Sifa aliyowazidi wenzake ni kwamba siku hiyo alishinda nyumbani akiumwa tumbo, kwa hiyo hakuna mgeni aliyeuona uso wake. Tena alikuwa mrefu. Kilichokosekana ni mavazi.

Alfajiri Chise alipiga hodi kwa kaka yake.

"Kaka, ile suruali ya baba."

"Ipi?"

"Unaijua ipi. Ya hariri, yenye nyuzi za dhahabu. Mume wangu hawezi kuwa liwali amevaa pamba."

Suruali hiyo pana baba yao alitunukiwa na bwana wake kwa utumishi mwema, na Tohei, akiwa mrithi, aliihifadhi sandukuni ndani ya kafuri. Aliwahi kuivaa siku ya arusi yake tu. Aliitoa, akaikunjua, akaikunja tena.

"Asiiburuze," alisema. "Ananizidi kimo, lakini akikaa huburuza."

"Anajua kukaa, kaka."

Kwa hiyo siku ile ya pili Tohei aliipanda ngazi akiwa nyuma ya suruali ya baba yake. Hakupata kuona kitu kingine. Kanroku alipanda kana kwamba amezaliwa melini, akaketi katika kile kiti kirefu na miguu yake ikafika chini, akaanza kuzungumza. Alikataa alipopaswa kukataa, kwa sauti ambayo ilimfanya hata Kizu asimame wima. Walipokwisha kubishana kuhusu waraka, aliomba aonyeshwe injini, akainama juu ya mashine ile yenye joto na kuuliza swali ambalo Tohei, kwa kukaa nyuma, hakulisikia. Alichosikia ni kicheko cha furaha cha yule kijana wa ndevu za majani makavu. Wakampa kinywaji chao chekundu, kitamu mno, akanywa, akawa mwekundu kuliko kinywaji chenyewe, akaomba tena. Wakamcheka naye akajicheka. Tohei alipewa kikombe pia. Kilipomfikia kilikuwa cha mwisho na chupa ilikuwa imekwisha; akapata harufu.

Waraka ulipokewa pwani kwa heshima zote, meli zikaahidi kurudi majira ya kuchipua kuchukua jibu, zikaondoka. Vitu vidogo ambavyo wageni walimpa Kanroku wakati wa kuagana alivitoa vyote mbele ya maofisa, vikachomwa moto ufukweni kama ilivyoamriwa. Suruali ilirudishwa ikiwa safi, imekunjwa vizuri kuliko ilivyokuwa. Hata hilo lilimchoma Tohei.

Ikawa watu wa Edo, mji wa mtawala, wanapofika Uraga huuliza nyumba ya Liwali, nao hawamkusudii liwali mzee bali Kanroku. Katika bafu la mji wenzake walimpisha Tohei kwa kuinama mno.

"Mpisheni Bwana Naibu, maji yasimpoe."

"Naibu haingii kabla ya Liwali. Tumngoje Nezu."

Alicheka nao. Aliporudi nyumbani alishindwa kula.

Mwishoni mwa mwaka alikuja mkaguzi kutoka Edo, Bwana Oribe, mtu mnene, mpole, aliyekuwa na desturi ya kukubaliana na kila anayezungumza naye. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kama kuna ofisa aliyejipatia chochote kwa wageni, jambo ambalo adhabu yake ilikuwa kunyang'anywa panga zote mbili, alama ya cheo chake, na kufukuzwa mjini pamoja na jamaa yake. Aliwahoji wote. Tohei alihojiwa mbele ya pombe ya mchele iliyopashwa moto.

"Shemeji yako anasifiwa sana," Oribe alisema.

"Anastahili."

"Vitu vyote alivyopewa vilichomwa?"

"Vilivyotolewa vilichomwa."

Oribe akaacha kunywa. "Vilivyotolewa."

"Mimi nilikaa nyuma yake, bwana. Mikono ya joho lake ni mipana. Alichotia humo sikukiona."

Kila neno lilikuwa la kweli. Alikwenda nyumbani akalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu meli zilipokuja majira ya joto.

Nyumba ya Kanroku ilipekuliwa hadi chini ya sakafu na hakikuonekana kitu. Lakini shaka ilikuwa imekwisha kuingia, kwa hiyo akafungiwa nyumbani hadi shauri lake liamuliwe: mianzi miwili mibichi ikapigiliwa msalaba langoni, madirisha yakafungwa, mlinzi akawekwa. Watumishi waliondoka. Asubuhi moja Tohei alimwona dada yake akiteka maji mwenyewe kisimani, mke wa ofisa, kamba imemkata viganja. Chise alimwinamia kama mtu anavyomwinamia mgeni, akaendelea kuvuta.

Meli zilirudi kabla theluji haijakwisha, zikiwa nyingi kuliko mwanzo, zikaipita Uraga bila kusimama, zikatia nanga ndani kabisa ya ghuba, mbele ya kijiji cha Yokohama. Edo ilituma makamishna wanne wa daraja la juu na kujenga banda la mapatano ufukweni. Maofisa wachache wa Uraga walichukuliwa kwa sababu walizijua nyuso za wageni. Tohei alikuwa wa kwanza katika hao. Alivaa suruali ya baba yake.

Kijana wa ndevu za majani makavu alimtambua pale pale. Alikuwa amejifunza maneno mawili matatu ya nchi, akayatumia yote.

"Naibu," alisema kwa furaha, akimshika mkono na kuutikisa. "Liwali? Liwali wapi?"

"Mwambie anaumwa," Tohei alimwambia Kizu.

Kizu aliijua ile mianzi langoni kama alivyoijua kila mtu wa Uraga. Alifasiri bila kukunja uso. Kijana akasikitika kwelikweli, akawaita wenzake, nao wakasikitika. Kila siku ya mapatano Tohei alishuka mashuani akiwa mbele ya wote, na kila siku neno la kwanza aliloambiwa lilikuwa la mtu mwingine.

Mapatano yalipokaribia kukamilika, mkubwa wa manowari aliwafanyia wenyeji karamu melini. Makamishna walikaribishwa chini, katika chumba chake. Maofisa wa daraja la akina Tohei waliandaliwa meza ndefu kwenye sitaha, chini ya turubai, na bendi ikawa inapiga. Tohei alikalishwa kwenye kichwa cha meza. Alikula nyama ambayo hakuijua jina, akanywa kila alichomiminiwa, akajiambia kwamba hivi ndivyo ilivyopasa kuwa tangu mwanzo.

Kwa desturi ya nchi, mgeni mwenye adabu haachi mabaki mezani. Sehemu ya alichoandaliwa huifunga katika karatasi anayoichomeka kifuani, akaitia ndani ya mkono wa joho, akawapelekea waliobaki nyumbani. Kuacha ni kumdharau mwenye karamu. Kwa hiyo walipokwisha kushiba, maofisa walitoa karatasi zao, wakafunga keki pamoja na samaki wa chumvi, zabibu pamoja na nyama ya nguruwe, mchuzi ukapenya. Wamarekani walitazama kwa mshangao, kisha wakaanza kuwasaidia, wakiwasukumia sahani nzima.

Kijana wa ndevu za majani makavu akaja hadi kwa Tohei, akaikunjua karatasi yake iliyokuwa na vipande vichache vya keki, akaweka nusu ya kuku wa kuokwa, akaweka maandazi, akaweka tufaha. Kisha akaenda mbio chini na kurudi na kichupa kidogo cha kioo kilichojaa kile kinywaji chekundu. Akasema maneno mengi.

"Anasema," Kizu alifasiri taratibu, "hivi vyote ni vya Liwali. Kinywaji hiki alikipenda sana mwaka jana. Anywe kidogo kidogo, atapata nguvu. Na wote hapa wanamsalimu."

Wote wakatikisa vichwa. Kwa ajili ya Tohei mwenyewe hakikuongezwa kitu hata zabibu moja.

Alipofika ukingoni kungoja mashua, Bwana Oribe alijongea karibu naye. Mikono ya joho la mkaguzi ilikuwa imevimba kama mito ya kulalia, na sharubati ya matunda ilikuwa ikimdondokea taratibu kwenye soksi.

"Nimeona umepewa amana," Oribe alisema.

"Ni mabaki ya meza, bwana. Kama yako."

"Yangu ni mabaki, nimejifungia mwenyewe. Hiyo imetumwa kwa jina, kutoka kwa mgeni kwenda kwa mtu mwenye kesi. Lakini simzuii mtu kumjulia hali shemeji yake. Mpelekee."

Tohei akakisukuma kichupa ndani zaidi ya mkono wa joho.

"Chakula kitaliwa," Oribe aliendelea kwa upole wake. "Kichupa kitabaki ndani ya nyumba. Mlinzi wangu ataingia wewe ukishatoka, na hatauliza kimeletwa na nani. Sisi tumechoka na shauri hili, Bwana Moriwaki. Tunataka liishe kabla mkataba haujatiwa mihuri, upande mmoja au mwingine. Wewe unajua ni upande upi."

Kesho yake asubuhi Tohei aliomba ruhusa, akapanda mashua kurudi Uraga. Mwendesha mashua alikuwa Mzee Gonta, yuleyule aliyewapeleka kwenye meli mwaka uliopita, mzungumzaji ambaye hakujali daraja la mtu.

"Nasikia safari hii ulikaa mbele, bwana."

"Nilikaa mbele."

"Na palikuwaje huko?"

"Pana upepo."

"Ndiyo shida ya mbele. Nyuma mtu hukingwa na mgongo wa mwenzake." Akapiga kasia. "Bwana Nezu alikuwa na mgongo mpana."

"Tazama mbele, mzee."

"Mimi hupiga kasia nikitazama nyuma, bwana. Ndivyo kazi ilivyo."

Kichupa kilikuwa ndani ya mkono wa kushoto wa joho, kikimgonga ubavuni kila mashua ilipopanda wimbi. Tohei alikuwa amekwisha kuamua. Hatasema uongo, hatamwibia mtu. Atatoa alichotumwa kutoa, kwa mtu aliyetumiwa, na salamu zake. Yatakayofuata ni ya mlinzi na ya sheria. Mwaka ujao meli zikija, hakutakuwa na liwali mwingine wa kuulizwa. Kuhusu Chise alijiambia kwamba atamchukua nyumbani kwake, na kwamba viganja vyake vitapona.

Mianzi ya langoni ilikuwa imekauka na kuwa ya njano. Mlinzi, ambaye alisifika kwa kupekua hata kikapu cha figili, alimtazama Tohei, akatazama mkono wa joho lake, akapisha. Tohei akaingia kwa mlango wa ubavuni.

"Umekuja kutazama mianzi, kaka?" Chise alisema.

"Nimekuja kumjulia hali shemeji."

"Hali yake imepigiliwa pale langoni. Ungeweza kuiona bila kuvua viatu."

Hata hivyo akampisha. Chumba kilikuwa na giza kwa sababu ya madirisha kufungwa. Kanroku alikuwa ameketi wima mbele ya ukuta, naye Tohei nusura asimtambue: mtu aliye kifungoni hanyoi, na ule utosi uliokuwa ukinyolewa uking'aa kila asubuhi ulikuwa umeota msitu uliosimama wima, mweusi, mpaka kwenye nyusi.

"Usinitazame kichwa, shemeji. Chise anasema nimekuwa kama kichaka cha chai ambacho hakuna wa kukichuma."

"Sikusema hivyo," Chise alisema. "Nilisema kama kiota."

"Kiota, basi. Kaa. Niambie. Humu ndani nasikia mizinga yao ya salamu tu, kama mtu anayesikiliza arusi ya jirani. Wamekuja na nini?"

Tohei alieleza. Alieleza waya uliochukua maneno kutoka banda moja hadi jingine kabla mjumbe hajavaa viatu. Alieleza gari dogo la moshi, lenye injini ya kweli, lililozunguka katika reli zake nyuma ya banda, na jinsi ofisa mmoja wa Edo, kwa kuwa hakuweza kuingia ndani, alivyokaa juu ya paa lake, joho likipepea, akizunguka na kuzunguka huku ameng'ata meno kwa furaha.

Kanroku alicheka hadi akajishika mbavu. "Ningekaa mimi hapo. Naapa wangenitoa kwa kamba. Na mvuke wake unapita wapi, chini au pembeni?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza," Kanroku alisema, bila kulaumu, kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa. Kisha akazishika nguo zake magotini, akazinyoosha, na sauti yake ikapungua. "Shemeji. Waliniulizia?"

Chise, aliyekuwa akimimina chai, akasimamisha birika.

Hapo Tohei alipaswa kutia mkono katika joho. Mkono ulikwenda, vidole vikagusa kioo. Aliona yote yatakayotokea kwa mpangilio: angekiweka kichupa juu ya mkeka, angesema ni cha Liwali, angetaja kijana wa ndevu za majani makavu na wenzake wote waliotikisa vichwa. Baadaye mlinzi angeingia, panga zingetolewa, mji ungefungwa nyuma ya mgongo wa Kanroku. Lakini hayo yangekuwa baadaye. Kabla ya hayo kungekuwa na uso wa Kanroku akikitambua kile chekundu. Angekishika kwa mikono miwili. Angecheka kama alivyocheka sasa hivi, na zaidi, na angeondoka Uraga bila panga, bila nyumba, akijua kwamba watu waliovuka dunia nzima na mizinga yao walisimamisha karamu kwa ajili yake. Hilo asingenyang'anywa na mkaguzi yeyote. Angelibeba hadi kaburini, na Tohei ndiye angekuwa amempelekea.

Akautoa mkono ukiwa mtupu.

"Hapana," alisema.

"Hata yule kijana? Wa ndevu?"

"Ana shughuli nyingi. Wote wana shughuli."

"Ni kweli." Kanroku alitazama mikono yake. "Ni kweli, kazi ilikuwa kazi. Nilikuwa nimevaa suruali ya mtu, nikasema maneno niliyopewa. Kwa nini wanikumbuke." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejirekebisha hesabu ndogo, "Mimi niliwakumbuka."

"Kaka," Chise alisema. "Chai yako imepoa." Hakuwa amemmiminia.

Nje mlinzi aliutazama ule mkono wa joho uliokuwa bado umevimba.

"Bwana, mbona bado unayo?"

"Ninayo," Tohei alisema, akaenda zake.

Katika mashua alifungua karatasi. Keki ilikuwa imeshikamana na kuku, mafuta yameganda. Alimkatia Mzee Gonta paja, akala kilichobaki chote, ingawa hakuwa na njaa, akatafuna hata tufaha pamoja na mbegu zake. Kisha akaking'oa kizibo cha kichupa na kunywa. Kilikuwa kitamu kama walivyosema. Alikunywa hadi tone la mwisho, akakitupa kichupa baharini, na Gonta, kama kazi yake ilivyomtaka, akapiga kasia akitazama nyuma.

"Na kichupa?" Oribe alimwuliza Yokohama.

"Nimekinywa."

"Chote?"

"Chote."

Kwa mara ya kwanza mkaguzi hakuelekea kukubaliana na mtu. "Nami nilidhani unamchukia."

"Ninamchukia," Tohei alisema.

Mkataba ukatiwa mihuri. Wamarekani walipewa bandari mbili, Shimoda na Hakodate, wapate kuni, maji, makaa na vyakula, na wanunue bidhaa kwa kupitia mikono ya maofisa wa serikali. Wakaguzi wakawa na mambo makubwa zaidi ya kukagua, na kwa kuwa nyumba ya Kanroku haikuonekana na kitu cha kigeni, mianzi ikang'olewa. Alinyoa, akavaa panga zake, akaenda kuripoti. Mzee liwali alimpa hiari arudi kazini bandarini. Kanroku akaomba ahamishiwe kwenye ghala la mchele lililoko bara, nyuma ya vilima, ambako bahari haionekani. Hakueleza sababu, na Chise hakumletea kaka yake habari yoyote. Tohei aliyasikia hayo bafuni.

Yeye mwenyewe alipelekwa Shimoda, na Kizu pamoja naye. Kila meli ya kigeni iliyotia nanga, Tohei ndiye aliyeipanda kwanza. Hapakuwa na mgongo mbele yake. Alisimamia duka la serikali ambamo wageni walichagua vikombe vyekundu vya laki, sahani za kauri na vitambaa vya hariri, wakibishana bei kwa vidole, na majina ya manahodha aliyajua kwa moyo. Alianza kunenepa. Siku nyingine ilipita asubuhi nzima bila kumkumbuka shemeji yake.

Majira ya kupukutika kwa majani iliingia meli ya moshi, na aliyemngojea Tohei juu ya ngazi alikuwa kijana wa ndevu za majani makavu, sasa akiwa na cheo kikubwa zaidi begani. Alimshika mkono, akautikisa, akasema neno lake lilelile, Liwali, kisha akazungumza kwa furaha, akiiga mtu anayekunywa na kuwa mwekundu usoni. Wenzake walicheka.

"Anauliza kama ile dawa ilimsaidia Liwali," Kizu alisema. "Anataka kumpelekea nyingine. Ameleta sanduku zima."

Sanduku lilikuwa pale miguuni pake, limefungwa kamba mpya.

"Mwambie amefariki," Tohei alisema.

Kizu akageuka. Juma lililopita tu alikuwa amerudi kutoka Uraga, na usiku mmoja alilala nyumbani kwa Kanroku, nyuma ya vilima.

"Bwana Moriwaki."

"Kazi yako ni kufasiri. Fasiri."

Kizu akafasiri. Tohei alikuwa akimtazama kijana usoni, akingoja furaha ile izimike, akingoja mwisho wa swali lililomtangulia katika kila ngazi aliyopanda. Furaha ilizimika. Kijana alivua kofia. Akageuka akasema neno kwa sauti ya chini, na maofisa waliokuwa karibu wakavua kofia zao, kisha wale walio mbali, kisha mabaharia mmoja mmoja, hata waliokuwa juu ya milingoti, mpaka meli nzima ikawa vichwa wazi na kimya, na kamba tu ndizo zilizosikika zikigongagonga. Hakuna mtu aliyewahi kufanyiwa hivyo bandarini hapo. Tohei ilimbidi ainame, kwa niaba ya marehemu, na kubaki ameinama.

Kijana akasema jambo fupi, macho yamemlowa.

"Wanauliza kaburi lake liko wapi," Kizu alisema, safari hii bila kushusha sauti. "Wanataka kwenda wote."